Treni ya mjini ya Addis Ababa: tathmini ya mtu wa Tanga aliyekulia kando ya reli

Niliporudi Tanga kutoka Addis Ababa, aliyeniuliza swali la maana kuliko wote alikuwa mzee muuza kahawa wa Ngamiani, ambaye benchi lake nimelikalia jioni nyingi za maisha yangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanimiminia kikombe na kunisogezea kashata, kisha akasema: "Mwanangu, hiyo treni yao inayopita katikati ya mji, mwenye miguu anavukia wapi?" Hakuuliza inakwenda kasi gani wala iligharimu kiasi gani. Yeye, kama wengi wetu, ameivuka reli ya Tanga kwa miguu tangu utotoni, maana reli hiyo ndiyo inayoitenga Ngamiani na upande wa mjini, naye anajua kwamba njia ya chuma ikishalazwa mahali, hata watakaozaliwa miaka hamsini baadaye watapita pale itakapowaruhusu.

Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya swali lake. Mimi ni mpima ardhi kwa kazi, na marehemu baba yangu alikuwa mtu wa gangi, yaani kikosi kinachokagua na kukarabati njia, kwenye reli hii ambayo ujenzi wake ulianzia hapa Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896 na Moshi mwaka 1911. Nilikaa Addis Ababa siku 9 kwa shughuli za kikazi, na kila nilipopata nafasi nilipanda treni ya mjini, mara nyingine bila safari yoyote ila kutazama jinsi ilivyopangwa. Ninachokitathmini hapa ni usanifu wa huduma hiyo: waliopanga walichagua nini, wakaacha nini, na uchaguzi huo unamgusa nani.

Kwanza huduma yenyewe. Treni ya mjini ya Addis Ababa ilianza kubeba abiria tarehe 20 Septemba 2015 kwenye njia ya kaskazini na kusini, na njia ya mashariki na magharibi ikafuata kabla mwaka huo haujaisha. Njia zote mbili kwa pamoja zina kilomita 34 hivi na vituo 39. Ni reli za upana wa milimita 1435, kwenda na kurudi kila moja na njia yake, na umeme wa volti 750 unaotoka kwenye waya wa juu. Mjenzi alikuwa China Railway Group, gharama ilitajwa kuwa dola milioni 475, na asilimia 85 ya fedha hizo ilikuwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Njia ya mashariki na magharibi inatoka Ayat hadi Tor Hailoch. Ya kaskazini na kusini inatoka uwanja wa Menelik II, inapita karibu na soko kubwa la Merkato, inashuka hadi Kality. Katikati ya mji njia hizo mbili zinaungana na kutumia reli zilezile kwenye vituo 5 vilivyo juu ya daraja.

Nianze na jambo lililonifurahisha, kwa sababu lilinifurahisha kweli. Treni inaposimama, sakafu ya behewa iko karibu sawa na jukwaa, na jukwaa lenyewe halizidi sana urefu wa ukingo wa barabara. Nilisimama makusudi karibu na mlango wa katikati nikaangalia miguu ya watu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi aliingia kama mtu anayetoka sebuleni kwenda uani. Hakuinua goti, hakushika nguzo, hakuomba kusukumwa. Mtu aliyewahi kupanda ngazi za behewa la reli ya kati akiwa na mzigo, au aliyewahi kumwona bibi akivutwa mkono na kondakta ili aingie kwenye daladala, ataelewa kwa nini jambo dogo kama hilo linanigusa.

Lakini sakafu ya chini haiji bure. Magurudumu ya treni ya kawaida yameshikanishwa wawili wawili kwa ekseli nene inayopita chini ya sakafu, na juu yake kuna bogi, yaani fremu inayoshika magurudumu, pamoja na mota na breki. Ukiishusha sakafu hadi sentimita 35 hivi kutoka kwenye reli, vitu hivyo havina pa kukaa. Hivyo mabehewa ya Addis Ababa ni ya sakafu ya chini kwa asilimia 70 tu: sehemu za milango ziko chini, na kwenye ncha mbili, ambako bogi zenye mota zinahitaji nafasi, sakafu inapanda kwa vidaraja. Wazee hukaa chini na vijana hupanda juu, na mpangilio huo hutokea wenyewe bila mtu kuamriwa. Naona ni uamuzi wa busara. Mtengenezaji angeweza kutafuta sakafu ya chini kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini hapo magurudumu yote yangelazimika kuwa ya aina ya pekee, na magurudumu ya pekee huchakaa kwa namna ya pekee na vipuri vyake hupatikana kwa shida.

Njia nyingine ni kuinua jukwaa badala ya kushusha sakafu. Manchester nchini Uingereza walifanya hivyo mwaka 1992: kwa kuwa tramu zao, yaani treni nyepesi za mjini, zilirithi vituo vya treni za zamani, walibaki na majukwaa marefu ya sentimita 90 hivi, na hata vituo vya katikati ya barabara vikajengwa kwa urefu huo. Dar es Salaam nako, huduma ya mabasi ya Mwendokasi iliyoanza tarehe 10 Mei 2016 ilichagua jukwaa lililoinuliwa, ndiyo maana kituo cha Mwendokasi kinahitaji njia ya mteremko na nafasi kubwa katikati ya barabara. Jukwaa la juu hurahisisha gari na kuitwisha barabara mzigo; jukwaa la chini hurahisisha barabara na kulitwisha gari. Ottawa nchini Kanada ndiko kunakoonyesha hatari ya kusahau hilo. Njia yao iliyofunguliwa tarehe 14 Septemba 2019 ilichukua gari la sakafu ya chini, ambalo asili yake ni tramu, ikalipatia kazi ya metro yenye vituo vilivyojitenga, mwendo mkubwa na umati wa abiria. Mwaka 2021 treni zilitoka relini mara 2, mwezi Agosti na mwezi Septemba, na Novemba 2022 ikatolewa ripoti ya tume ya uchunguzi wa hadhara. Sisemi kwamba sakafu ndiyo iliyozitoa treni relini. Ninachosema ni kwamba gari lilitakiwa kufanya kazi iliyo kwenye ukingo wa uwezo wake, ilhali njia ile, kwa kuwa haikatizwi na barabara yoyote, haikuhitaji sakafu ya chini kwa kiasi hicho.

Sasa nifike kwenye swali la mzee.

Sehemu kubwa ya treni ya Addis Ababa inapita chini, katikati ya barabara pana, ikiwa imetengwa na magari kwa ukuta mfupi na uzio pande zote mbili. Uzio ndio unaoipa treni uwezo wa kukimbia hadi kilomita 70 kwa saa bila dereva kuhofu kwamba mtoto atatokea mbele yake. Uzio huohuo ndio unaoligeuza jirani la ng'ambo ya barabara kuwa safari. Duka uliloliona mbele ya macho yako, hatua 40 tu, unalifikia kwa kutembea hadi kwenye kivuko, kuvuka, na kurudi umbali uleule upande wa pili. Kwa mwenye gari hilo si kitu, na kwa abiria aliyemo ndani ya treni ni faida tupu. Anayelipa ni mtu ambaye hata treni hapandi: muuza mboga, mwanafunzi, mgonjwa anayekwenda zahanati ya ng'ambo. Na hao katika mji wowote wa kwetu ndio wengi.

Watu wengine hudhani uzio ni lazima, kwamba treni ikishaitwa treni haiwezi kuachwa wazi. Si kweli, na hapa ndipo ningependa msomaji anifuate polepole. Treni kubwa ya masafa haiwezi kusimama kwa ghafla kwa sababu ni nzito, na chuma juu ya chuma huteleza. Tramu ni nyepesi, na zaidi ya breki za magurudumu ina breki za sumaku zinazoshuka na kung'ang'ania reli yenyewe, kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa dereva anaweza kuisimamisha kwa umbali unaokaribiana na wa basi. Ndiyo maana Casablanca, ambako tramu ilianza tarehe 12 Desemba 2012 kwa njia yenye kilomita 31 hivi, mtu hukatiza reli kwa miguu karibu na maduka, na katika baadhi ya mitaa reli zimelazwa kwenye sakafu ya mawe ambayo watu wanaitembelea. Casablanca na Addis Ababa zilijenga njia za urefu unaokaribiana, katika bara moja, kwa tofauti ya miaka 3, na zikajibu swali la mzee wangu kwa majibu mawili tofauti. Casablanca ilikubali kwenda polepole ili mtaa ubaki mtaa. Addis Ababa ilikubali kuukata mtaa ili mtu wa Ayat afike mjini mapema.

Siwezi kusema kwa haki kwamba Addis Ababa walikosea. Mji wao ni mkubwa, una mamilioni ya watu, na mwenye nyumba pembezoni anahitaji mwendo kuliko anavyohitaji uzuri wa mtaa. Ninachokilaumu katika usanifu wao ni uhaba wa vivuko. Kila kivuko cha miguu kinachowekwa kwenye uzio kinahitaji taa au mlinzi, na kila taa inailazimu treni ipunguze mwendo. Kwa maneno mengine, kila kivuko ni sekunde zinazotoka kwa abiria kwenda kwa mtembea kwa miguu. Sekunde hizo zingeweza kugawanywa kwa ukarimu zaidi kuliko zilivyogawanywa.

Njia ya tatu ni kuinua reli juu ya daraja, na katikati ya mji ndivyo walivyofanya. Chini ya daraja mtu anavuka apendavyo, magari yanapita, biashara zinaendelea kivulini. Lakini gharama ya kilomita moja juu ya nguzo ni mara kadhaa ya kilomita moja chini, na kituo kilicho juu kinahitaji ngazi. Yule mama niliyemsifu akiingia behewani bila kuinua goti, kama alitoka kituo cha juu, alikuwa ameshapanda ngazi ndefu kabla sijamwona. Sakafu ya chini iliyopachikwa kwenye kituo cha juu ni hisani iliyochelewa. Afadhali kuyafikiria hayo mawili kwa pamoja tangu mchoro wa kwanza.

Umbali kati ya kituo na kituo ni jambo lingine ambalo wengi hulipita haraka, na mimi nataka nikae nalo kidogo kwa sababu hesabu yake inaweza kufanywa na mtu yeyote kwenye benchi la kahawa. Chukulia kwamba kila kituo kinaigharimu treni sekunde 45: kupunguza mwendo, kufungua milango, kufunga, na kushika mwendo tena. Kwenye njia ya kilomita 10, ukiweka kituo kila mita 500 utakuwa na vituo 20, na vituo vyote hivyo vitakula dakika 15. Ukiweka kila kilomita moja, vitakula dakika saba na nusu. Abiria wa mwisho wa njia ameokoa dakika saba na nusu na atakushukuru. Sasa mtazame anayesafiri kilomita 4 tu. Yeye ameokoa dakika 3, lakini kama nyumba yake na anakokwenda viko katikati ya kituo na kituo, ameongezewa mita 250 za kutembea kila upande, ambazo kwa mwendo wa kawaida ni dakika 3 na 3. Huyo amepata hasara ya dakika 3, juani, na pengine na mzigo kichwani.

Addis Ababa waliweka vituo vyao kwa wastani wa mita 800 hivi, wakitazama zaidi mtu wa mbali, na kwa njia za kilomita 17 kila moja naona walipima vizuri. Kwetu Tanga kipimo hicho kisingefaa. Safari nyingi za hapa ni fupi: Makorora hadi sokoni, Chumbageni hadi Bombo hospitali, Mikanjuni hadi stendi ya Kange, na nyingi kati ya hizo watu huzimaliza kwa baiskeli, chombo ambacho Tanga imekizoea kuliko miji mingi ya nchi hii. Daladala kwa upande wake imelitatua suala la vituo kwa kutokuwa navyo: anayesema "shusha" hushushwa. Nilipanda daladala moja wiki iliyofuata, nikahesabu kwa kalamu, na kabla ya kumaliza mtaa mmoja ilisimama mara 4, mara moja ikiwa ni kwa ajili ya kondakta kumrudishia chenji mtu aliyekuwa ameshateremka. Abiria wa nyuma alilalamika kwa haki. Hata hivyo yule aliyeshushwa mlangoni kwake alikuwa mzee mwenye mkongojo, na sioni ni reli gani ingemfikisha pale.

Sehemu ya pamoja ya njia mbili nitaieleza kwa ufupi. Kutumia reli zilezile katikati ya mji kuliokoa gharama za daraja la pili na kurahisisha kubadilisha treni, kwani mtu anashuka na kungojea nyingine kwenye jukwaa lilelile. Gharama yake ni kwamba njia hizo zimefungwa pamoja kama ng'ombe wawili wa plau. Ikiwa sehemu hiyo inaweza kupitisha treni moja kila dakika 3, basi kila njia haiwezi kupata treni zaidi ya moja kila dakika 6, hata ununue treni mia. Na likitokea tatizo pale katikati, pande zote nne za mji zinalisikia.

Kuhusu treni zenyewe nitasema linalojulikana kwa wote. Zilinunuliwa 41, na kufikia mwaka 2023 sehemu kubwa yake ilikuwa imesimama kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni za kuviagiza. Hilo ni suala la usanifu sawasawa na upana wa reli au urefu wa jukwaa, ingawa halionekani kwenye mchoro. Baba alikuwa akirudi nyumbani na mikono iliyonuka lami ya mataruma, na jambo alilolirudia mara nyingi ni kwamba njia inayotengenezeka kwa nyundo, spana na watu 12 ni bora kuliko njia nzuri isiyotengenezeka. Gurudumu la treni likianza kuchakaa vibaya kwenye kona kali, hujui kosa ni la gurudumu, la reli au la kona mpaka uwe na mtu anayepima vyote vitatu kila mwezi na mashine ya kulichonga gurudumu upya. Mji unaonunua mabehewa bila kununua ujuzi huo pamoja na vipuri vya miaka 10, kwa mkataba uleule na fedha zilezile, umenunua nusu ya treni.

Je, treni kama hiyo itatufaa sisi? Tanga ina watu wasiofika laki nne kwa sensa ya mwaka 2022, na idadi hiyo haijazi treni kila dakika 6. Kwa umati wetu wa sasa mabasi yenye ratiba, yakiwa na vituo vyenye kivuli, yatafanya kazi kubwa zaidi kwa fedha kidogo. Lakini siku ikifika, nisingependa mtu yeyote aje na mchoro wa Addis Ababa au wa mji mwingine na kuulaza juu ya mji wetu. Barabara za Ngamiani zina namba na zimepangwa mistari, zikikatizana kwa umbali mfupi. Portland nchini Marekani, ambako treni nyepesi ilianza mwaka 1986, ina mpangilio wa aina hiyo, na kwa kuwa kila kipande cha mtaa katikati ya mji wao ni futi 200, yaani mita 61 hivi, treni zao haziwezi kuwa na mabehewa zaidi ya 2. Behewa la tatu lingebaki limeziba njia panda kila treni inaposimama. Urefu wa treni kwa miaka yote uliamuliwa na mpima ardhi aliyechora viwanja zamani kabla ya treni hizo. Ninalisema hili kwa uchungu wa kikazi, maana sisi wapima ndio tunaochora leo viwanja vya pembezoni mwa Tanga, na mara chache sana nimeona mtu akiacha upana wa barabara kwa ajili ya kitu ambacho bado hakijaja.

Kuna jambo moja ambalo watu wa hapa hulisema kwa kujidharau, nami nalipinga. Husema reli yetu ya mita moja ni nyembamba, imepitwa na wakati, na haifai kwa treni ya mjini. Tramu za Zürich, Basel na Bern, nchini Uswisi, zinakwenda juu ya reli za upana huohuo wa mita moja, kila siku, na hakuna anayeziita za kizamani. Reli nyembamba ina faida mjini, kwa kuwa huweza kuzipita kona kali kwa nafasi ndogo. Ubaya huja pale reli mbili za mji mmoja zinapokataa kusikilizana: Dar es Salaam walipoanzisha treni za abiria za mjini mwezi Oktoba 2012, ambazo watu waliziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, upande mmoja ulipita kwenye reli ya mita moja na upande wa TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, kwenye reli ya milimita 1067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne, na behewa la huku haliwezi kukanyaga kule. Tanga yenye reli ya mita moja inayotoka bandarini na kwenda Pongwe kupitia mjini tayari ina ukanda wa ardhi ambao miji mingine huubomolea nyumba ili kuupata. Ukanda huo ulindwe.

Kwa treni yenyewe, nikiulizwa alama, ndani ya behewa naipa 9 kati ya 10, kwa mpangilio wa vituo naipa 7, kwa maisha ya mabehewa naipa 3, na kwa mwenye miguu aliye nje ya uzio naipa 4.

Msomaji wa Tanga atakayefika Addis Ababa namshauri asiipande asubuhi sana wala jioni watu wanapotoka kazini. Apande mchana, kituo cha Stadium karibu na uwanja wa Meskel, kwenye treni ya kwenda Ayat, na akae sehemu ya katikati yenye sakafu ya chini ili aone barabara kwa usawa wa macho ya anayetembea. Tiketi hununuliwa kabla ya kupanda, na nauli hupangwa kwa umbali. Akimaliza, apande njia ya kaskazini hadi uwanja wa Menelik II, ambako kituo kiko chini ya ardhi, aone jinsi mlima ulivyowalazimisha kuchimba. Na popote atakaposhuka kwenye kituo cha katikati ya barabara, kabla hajatoka jukwaani aangalie uzio umefunguliwa upande gani. Akishauchagua upande mmoja, kivuko kinachofuata kinaweza kuwa kwenye kituo cha mbele.